SureFire 6P kongwe au kurunzi mpya ya USB: nibaki na ipi?

Mtepe_Wete

Asalaam aleikum wanajamvi.

Kuna SureFire 6P nyeusi hapa, ile ya globu, mwili wa alumini, inakula mawe mawili ya CR123A. Kioo hakina mkwaruzo na kitako kinabonyezeka vizuri, ila globu imekufa. Mawe yenyewe hapa Wete huyapati mpaka uagize mjini, na mjini nako ni bahati yako siku hiyo. Nikipiga hesabu ya globu moja ya P60 na mawe manne, naona haiko mbali na bei ya kuagiza Sofirn SC31 Pro au Wurkkos FC11 ikiwa na betri yake ndani, na inachaji kwa waya.

Matumizi ni matatu: umeme ukikatika nyumbani, njia ya msikitini alfajiri, na bamvua la usiku mwambani, maji ya magoti, kutafuta pweza. Si ya kuzamia.

Maswali:
1. Lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka) 65 za 6P kwa 2000 za SC31 Pro, kweli ni mara thelathini ya mwanga?
2. 6P inafufulika kwa LED na betri ya kuchaji bila kuiharibu?
3. Ipi itaistahimili chumvi?

Naomba majibu ya wanaozijua kwa kuzifungua, si wa kusoma sanduku.

---

Fundi_Mkereza

Waaleikum salaam sheikh. Nianze na nambari, maana ndizo zinazouza.

Ile 65 ni ya globu ya P60 na mawe mapya, na kwa mawe hayo inawaka kiasi cha saa moja. Iliandikwa zamani, kabla ya FL1, kanuni ya pamoja ya kupima kurunzi, kutoka mwaka 2009. Ile 2000 ni ya zama za FL1, na FL1 inakutaka upime mwanga kati ya sekunde ya 30 na dakika ya 2 tangu kuwasha. Baada ya hapo hakuna anayekudai. Kurunzi ya ukubwa wa kidole gumba na nusu ikila kiasi cha wati 20 haina pa kuupeleka moto wote huo, kwa hiyo programu iliyo ndani inaanza kupunguza yenyewe dakika chache tu tangu uwashe, mpaka ifike lumeni mia kadhaa ambazo mwili unaweza kuzibeba bila kukuunguza mkono. Huu si ubovu. Inayokuunguza ndiyo mbovu.

Muda wa kuwaka nao una hila yake. Kwa FL1 saa inahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Sanduku likisema saa mbili kwa mwanga wa juu, huenda ni dakika tatu za mwanga mkali na zilizobaki zote ni mwanga wa wastani. Tafuta mchoro wa mstari unaoonyesha mwanga kwa dakika, ndio unaosema kweli.

Halafu kuna macho. Mwanga ukiongezwa mara mbili jicho halioni mara mbili. Mpaka uone kama umeongezeka maradufu unahitaji kiasi cha mara nne. Kwa hiyo lumeni 65 kwa 600 za kudumu ni tofauti kubwa, hilo sibishi, ila si ya mara tisa machoni.

Na lumeni hazikuambii mwanga unafika wapi. Hapo tazama kandela, yaani ukali wa mwanga pale ulipokusanyika. Kanuni ni nyepesi: kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, unapata mita. Kandela 2,500 ni mita 100, kandela 10,000 ni mita 200. Na "kufika" kwenyewe maana yake mwanga umebaki robo luksi, kama mbaamwezi ya mwezi mpevu. Kwa mita 200 utaona kuna kitu; kama ni ng'ombe au mtu, hutajua. Kwa njia ya msikitini na kwa pweza hilo halikuhusu, wewe unahitaji mwanga mpana wa karibu. Ila ukiwa unatafuta boya la nyavu, linakuhusu.

Sasa hesabu ninayoipenda mimi. Mawe mawili ya CR123A, kila moja volti 3 na miliampia-saa 1500, ni wati-saa 9. Betri moja ya kuchaji ya 18650, ile iliyomo kwenye kurunzi hizo mpya, ya miliampia-saa 3000 ni wati-saa 10.8. Akiba ni ile ile, takriban. Tofauti yote iko kwenye kinachokula. Globu ya P60 inakula kama wati 7 kutoa lumeni 65, yaani lumeni 9 kwa wati. Zilizobaki ni joto. LED ya leo ikiendeshwa taratibu inatoa lumeni 100 kwa wati bila taabu. Wati-saa 10.8, mara 100, gawa kwa 65: zaidi ya saa 16 za mwanga ule ule ambao 6P ilikuwa ikikupa kwa saa moja. Kilichozeeka kwenye 6P ni globu. Mwili hauna kosa.

Swali la pili ndilo lenye kazi, nalijibu mbali hapo chini.

---

Karabai_Malindi

Iuze kwa mkusanyaji, nunua FC11, umalizane. Wako watu wanalipa vizuri kwa 6P safi yenye sanduku lake.

---

Fundi_Mkereza

@Karabai_Malindi yakhe, uza yako. Mwili kama ule hutaupata tena kwa bei ya FC11.

Mtepe_Wete, kufufua 6P.

Kichwa chake kinafunguka kwa mkono, na ndani kuna kipande kimoja: globu na riflekta pamoja. Hicho kinaitwa P60 na umbo lake limeigwa na wengi, kwa hiyo unanunua moduli ya LED ya umbo la P60, unatoa ya zamani, unatia mpya, unafunga. Hakuna kuchoma lehemu. Ukitaka kurudisha globu yako siku moja, unairudisha.

Makosa yako kwenye volti, na hapo ndipo watu wanapoua moduli siku ya kwanza. Moduli zinazouzwa ni za aina mbili. Ipo ya betri moja, imeandikwa volti 3 hadi 4.2, mara nyingi ndani ina chipu za 7135 zinazodhibiti umeme unaokwenda kwenye LED. Na ipo ya upana, imeandikwa volti 3 hadi 9 au karibu na hapo. CR123A mbili ni volti 6; kwa chipu ya 7135 hapo ni ukingoni kabisa, inapata moto bure. Ukitia 16340 mbili za kuchaji, zenye umbo la CR123A, ambazo kila moja ikijaa ni 4.2, umempa 8.4, na moshi utauona. Hizo hizo 16340 mbili ukizitia kwenye 6P yenye globu ya P60, globu inapiga mwanga mmoja mweupe mzuri sana, halafu basi.

Kwa hiyo: betri moja ndefu, moduli ya betri moja.

Betri ipi? Hapa pana milimita za kuangalia. CR123A ina kipenyo cha milimita 17, na bomba la 6P limetobolewa kwa ajili yake. 18650 ni milimita 18 na haingii. Usilazimishe, na usichune ganda la plastiki ili ipite. Bomba ni upande wa hasi, na mwili wa betri nao ni hasi, kwa hiyo ikigusa huenda hutaona cheche. Utakachoona ni kurunzi isiyozimika, kwa sababu umeme umepata njia ya pembeni na hauhitaji tena swichi ya kitakoni. La hatari zaidi ni ganda likichanika juu, kwenye bega la betri karibu na chanya. Hapo hasi na chanya zinatenganishwa na karatasi nyembamba tu, na kikigusa chuma ni moto.

Zinazoingia ni 16650 na 17670. Ya kwanza ni kipenyo cha 16, urefu wa 65, na hupatikana mpaka miliampia-saa 2500. Urefu wa CR123A mbili ni kama 69, kwa hiyo kuna pengo la milimita nne hivi. Springi ya moduli na springi ya kitako hulijaza. Kama kurunzi inazimika ukiitikisa, springi ya moduli imelala. Ivute kidogo kwa koleo, taratibu, mzunguko mmoja mmoja.

Ukiwa na mkerezaji mzuri unaweza kumpa bomba alipanue mpaka 18650 iteleze yenyewe. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu na bado nakwambia fikiri kwanza. Ukuta unabaki mwembamba chini ya hesi, na ndani unabaki na alumini tupu isiyo na ngozi ya anodi, lile tabaka gumu la kinga. Kwa mtu wa Arusha sawa. Kwa mtu wa mwambani, hiyo alumini tupu chumvi itaipenda.

Nguvu ya moduli: usichukue ile ya chipu nane. Kila 7135 inapitisha miliampia 350, nane ni ampea 2.8, karibu wati 10, na moduli ya P60 haigusani sawasawa na mwili wa kurunzi; imekaa ndani kama yai ndani ya kikombe. Joto haliendi popote. LED inageuka rangi kuwa ya buluu, mwanga unashuka, na mwisho inakufa. Chukua ya chipu tatu, ampea 1.05. Kwa 16650 ya 2500 ni zaidi ya saa mbili kwa mwanga wa juu, nao ni mara kadhaa ya globu yako.

Hata hiyo ya chipu tatu, ivalishe koti. Kata ukanda wa karatasi ya alumini ya jikoni, upana wake uwe kimo cha sehemu ya shaba ya moduli tu. Usipande juu kwenye riflekta, usishuke kwenye springi. Izungushe ikiwa imenyooka, bila mikunjo, jaribu kuitia, ongeza mzunguko, jaribu tena. Ikifika pale inapoingia kwa kusukuma kidogo kwa kidole gumba, tosha. Ukizidisha itakwama humo na utaitoa kwa kuivunja. Angalia hakuna kipande cha karatasi kinachoweza kufika kwenye springi ndogo ya katikati, hiyo ni chanya.

Angalizo moja kwa wasomaji wenye G2, ile ya plastiki inayofanana na hii: koti halitasaidia, plastiki haipitishi joto. Huko tia moduli dhaifu kabisa au iache na globu yake.

---

Mwamba_wa_Tumbe

Fundi kamaliza ya ndani. Mimi nataka kusema ya nje, chumvi, kwa sababu mwambani lumeni hazijawahi kuua kurunzi.

6P ina matundu mawili tu ya kuingilia maji: kichwani na kitakoni, na kila moja lina oringi, pete ya mpira ya kuzuia maji. Kitako chake ni cha kubonya kwa muda na kuzungusha kwa kuwasha moja kwa moja. Swichi yenyewe haina ubongo wala saketi, kwa hiyo hakuna kinachonyonya betri ikiwa imezimwa. Ukiilegeza zaidi haiwaki hata ukiibonya. Kwa chumvi huo ndio muundo mzuri kuliko yote, vipande vichache.

SC31 Pro na FC11 zina matundu mawili zaidi: kitufe cha ubavuni, na tundu la USB upande wa pili likiwa na kifuniko cha mpira. Zimeandikwa IPX8, yaani zinavumilia kuzamishwa majini. Ni kweli, ila ni kwa kurunzi mpya, kifuniko kikiwa kimeshindiliwa mpaka mwisho, na jaribio hilo ni la maji matamu. Kile kifuniko kinafunguliwa kila unapochaji. Baada ya miezi, kile kiulimi kinacholishika kinaanza kuchanika, au kinabaki kimeinuka upande mmoja kiasi cha unene wa ukucha, na hapo hapo ndipo tone la maji ya bahari linapoingia. Tundu la USB lina pini ndogo zenye volti karibu karibu. Chumvi pamoja na umeme hula shaba kwa siku chache. Dalili ya kwanza ni taa ya kuchaji kuwaka bila waya, au betri kuisha ikiwa imekaa tu.

Dawa yake: usichaji ndani ya kurunzi. Nunua chaja ya nje ya 18650, toa betri, chaji nje, na kifuniko cha USB usikifungue kabisa mwaka mzima. Ukishafanya hivyo kurunzi ya bei nafuu inakaribia kuwa sawa na ya ghali kwa kuzuia maji.

Ukitoka mwambani, kwa zote mbili, utaratibu ni huu na mpangilio wake una sababu. Iache imefungwa. Isugue chini ya maji ya mfereji, hasa kwenye maungio na pembeni ya kitufe, kwa mswaki mkongwe. Ifute, iache ikauke. Kisha ndipo ufungue kitako. Wengi hufungua kwanza waangalie kama maji yameingia, na kwa kufungua ndio wanayaingiza, pamoja na mchanga. Punje moja ya mchanga kwenye hesi za alumini utaisikia inakwaruza, na kila mzunguko inachonga.

Oringi unaipaka grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele tu, mpaka ing'ae. Vaselini usitie kama hujui oringi ni ya mpira gani: nitrili huivumilia, EPDM huvimba na kulegea. Na kama umebadilisha ukatia oringi za silikoni yenyewe, zile nyekundu au za kung'aa, basi grisi ya silikoni nayo huzivimbisha.

Unga mweupe kwenye hesi ni alumini inayolika. Kijani kwenye springi ni shaba. Cha kijani kinatoka kwa pamba ya masikio iliyochovywa siki au ndimu, kisha futa kwa maji, kisha spiriti, kausha. Usiiache siki ikakaa juu ya alumini tupu, nayo inakula. Palipo na weusi mwembamba tu, raba ya skuli inatosha.

Rangi ya ngozi pia inasema kitu. 6P ya kawaida ina anodi ya aina ya pili, nyembamba. Ikichubuka pembeni unaona fedha. Haiozi papo hapo, ila pale palipochubuka ndipo unga mweupe utaanzia, kwa hiyo hapo pakumbuke kwa mswaki.

Na FC11 ina sumaku kitakoni. Nyumbani umeme ukikatika ni neema, unaibandika kwenye mlango wa friji na mikono yote miwili iko huru. Ila usiiweke karibu na dira ya chombo. Sindano itageuka na hutajua imegeuka.

---

BiShamba_Konde

Kwa pweza mimi naongeza rangi ya mwanga, wanaume mnazungumza volti tu.

Pweza anajificha kwa rangi ya jiwe. Kurunzi yenye mwanga mweupe wa kibuluu na uaminifu mdogo wa rangi inaufanya mwamba wote uwe kijivu kimoja, na yeye yumo humo. SC31 Pro ya kawaida, LED yake SST40, ni ya namna hiyo, kelvini 6500 hivi (kelvini zikizidi, mwanga unazidi ubuluu). FC11 ina LED ya LH351D yenye uaminifu wa rangi wa 90 kati ya 100, na unaweza kuchagua ya kelvini 4000 au 5000. Ukahawia unaonekana ukahawia. Globu ya 6P ndiyo iliyokuwa bora kwa hili, globu zote za waya ziko karibu na 100, ila ni hafifu na ya manjano.

Pia maji yakiwa na vumbi la mchanga, mwanga mkali wa kibuluu unarudi machoni kama ukungu. Punguza mwanga. Lumeni 150 zikipigwa kwa ubavu, kurunzi ikiwa chini karibu na goti, zinaonyesha tundu na maganda mlangoni kuliko 1000 zinazotoka usawa wa uso.

Kwa hiyo kati ya mpya mbili hizo mwambie achukue FC11. Na akinunua moduli ya 6P aulize iwe na uaminifu wa rangi wa 90, asichukue yoyote tu.

---

Mtepe_Wete

Ahsanteni sana. Bi Shamba hilo la rangi sikulifikiria kabisa.

Mawili yamebaki. Betri za 18650 nimeziona zinauzwa zimeandikwa 9900, je ndizo? Na kurunzi hizi za USB ndogo mpya, USB-C, kweli zinakubali chaja yoyote ya simu?

---

Fundi_Mkereza

9900 haipo. 18650 za kawaida za kweli ni 2500 mpaka 3500, na za juu kabisa zimefika kama 4000. Ukiona 5000, 6800, 9900, hiyo ni karatasi. Ndani mara nyingi ni betri iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, au ndogo zaidi iliyozungushiwa kitu ili ijaze ganda.

Njia ya haraka ni mizani. 18650 ya kweli ina gramu 45 mpaka 48 hivi. Mpelekee sonara, mizani yake inasoma mpaka sehemu ya gramu na ni dakika moja. Ikija 30 na kitu, mrudishie mwenye duka. Uzito ukiwa sawa bado haijathibitika, ila ukiwa mdogo kesi imekwisha.

Ya pili, multimita. Betri iliyokaa dukani isiwe chini ya volti 3. Ikiwa 2 au chini, hata kama chaja itaikubali, usiichukue. Imeshaumia ndani na siku ya kuchaji ndiyo hatari. Ijaze, iwe karibu 4.2, iache siku tatu mezani. Ikishuka chini ya 4.1 bila kutumika, inavuja umeme yenyewe.

Na CR123A, kama utabaki na globu: zinakaa kabatini kama miaka kumi, hilo ndilo sifa yake. Ila mbili zinazoingia pamoja ziwe za pakiti moja, umri mmoja. Ukichanganya mpya na iliyotumika, mpya inailazimisha ile dhaifu ipite sifuri, inapata moto, na gesi inayotoka ni sumu kali. Ndani ya bomba lililofungwa kwa oringi inapasuka kama fataki.

---

Karabai_Malindi

La chaja nalijibu mimi, msije mkasema najua kuuza tu.

Haikubali yoyote. Kurunzi nyingi za bei hii zina tundu la USB-C lakini ndani hazikuwekewa zile rezista mbili ndogo za kilo-omu 5.1 zinazoiambia chaja "nipe umeme". Chaja mpya yenye USB-C pande zote mbili inasubiri kuambiwa, haiambiwi, haitoi kitu. Mtu anasema kurunzi mbovu. Tumia waya wenye kichwa kipana cha zamani upande wa chaja na C upande wa kurunzi. Huo hautaki mazungumzo. Ule unaokuja ndani ya sanduku ndio huo, usiutupe.

Na SC31 Pro, kama utaichukua badala ya FC11, ina kitufe cha ubavuni kinachobonyezeka ndani ya mfuko wa kanzu. Ikiwa imezimwa bonya mara nne haraka, imejifunga. Mara nne tena, imefunguka. Mara tatu inakuhesabia volti kwa kupepesa: nne, kimya, moja, maana yake 4.1. Au legeza kitako robo mzunguko. Kulegeza kunafanya kazi kwa sababu hesi zina ngozi ya anodi isiyopitisha umeme, kwa hiyo usizisugue kwa msasa eti zing'ae.

Swichi za ubavuni zinanyonya betri kidogo hata zikizimwa. Kama ni ya dharura inayokaa droo miezi, kitako kiwe kimelegezwa.

---

Mtepe_Wete

Basi nimeamua: FC11 ya kelvini 4000 kwa nyumba na pweza, na chaja ya nje. 6P itapata moduli ya chipu tatu na 16650.

Fundi, nimejaribu 18650 ya rafiki kwenye bomba ili nione. Imeingia mpaka nusu ikasimama.

---

Fundi_Mkereza

Usiigonge. Pindua bomba, mdomo chini, juu ya kitambaa kilichokunjwa, uligonge pembeni kwa kiganja mpaka itoke. Ikikataa, vua kichwa na moduli, pande zote mbili ziwe wazi, isukume kurudi ilikotokea kwa kijiti cha mbao butu kutoka upande wa kichwani. Mbao tu, si bisibisi. Ikitoka tazama ganda mzunguko wote, na hasa begani. Likiwa limechanika hata kidogo, usimrudishie rafiki yako hivyo hivyo. Mnunulie ganda jipya la kusinyaa kwa joto, linauzwa lenye kipimo cha 18650, na kile kipete cha karatasi cha juu ukihamishe kabla ya kulivalisha.

---

Mtepe_Wete

Imetoka. Ganda lina mkwaruzo ubavuni, juu kuzima. Naagiza maganda mawili.

---

Mwamba_wa_Tumbe

Agiza na oringi za akiba kwenye mzigo huo huo. Pima ya kichwani na ya kitakoni mbali mbali, unene na kipenyo cha ndani, usidhani ni sawa. Na uliza muuzaji kabla hujalipa: betri peke yake wasafirishaji wengi wa ndege huikataa, iliyomo ndani ya kurunzi hupita kwa urahisi zaidi. Hiyo 16650 huenda ikakubidi uitafute kwa mtu anayekuja kwa meli.